Mmweko Mwekundu Juu ya Wingu: Majibu kwa Wasomaji

Picha ya toleo lililopita, ile ya mizizi myekundu ya mwanga iliyosimama juu ya wingu la radi, imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Zilizofanana tumeziunganisha.

Mhariri, salaam. Nimekulia kando ya ziwa na radi nazijua tangu utoto, lakini kitu kama kile sijakiona hata siku moja. Ni cha kweli au ni ufundi wa kompyuta?
*Msomaji, Bukoba*

Ni cha kweli. Kinaitwa spraiti, na wewe hukioni kwa sababu unakaa karibu nacho mno. Spraiti hutokea kati ya kilomita 40 na 90 juu ya ardhi, ilhali kilele cha wingu la radi la ukanda wetu huishia kilomita 15 hivi, mara chache 18. Dhoruba ikiwa juu ya paa lako, wingu zima limekaa kati yako na mmweko. Wa kuiona ni mtu aliye mbali, kilomita 150 hadi 350, ambaye kwake nyota zinawaka na dhoruba yako ni mwanga tu unaochezacheza kwenye upeo wa macho.

Hata huyo anaweza kukesha asione kitu. Spraiti hudumu milisekunde chache, ikizidi sana makumi ya milisekunde. Gizani jicho hukusanya mwanga wa kama sehemu ya kumi ya sekunde kwa mara moja, kwa hiyo mmweko wa milisekunde 5 humfikia mtu ukiwa hafifu sana. Isitoshe ni mwekundu, na seli za jicho zinazofanya kazi usiku karibu hazioni wekundu kabisa. Kisha kuna kosa la kibinadamu: sote hutazama radi yenyewe, na ile nuru nyeupe humaliza uwezo wa jicho kuona gizani, wakati spraiti iko juu zaidi, kwenye anga tupu ambapo hakuna anayetazama.

Hata wataalamu walichelewa. Marubani walisimulia kwa miaka mingi kuhusu mianga inayopanda kutoka mawinguni, na waliosadikiwa walikuwa wachache. C. T. R. Wilson wa Scotland, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1927, alikuwa ameshakokotoa katika miaka ya 1920 kwamba hewa ya juu ya dhoruba inaweza kupasuka kwa umeme. Picha ya kwanza ikaja kwa bahati Julai 6, 1989. John Winckler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wakijaribu kamera ya televisheni ya mwanga hafifu iliyoandaliwa kwa ajili ya roketi, wakakuta kwenye mkanda nguzo mbili za mwanga juu ya dhoruba ya mbali.

Ndugu Mhariri, nafundisha fizikia kidato cha nne. Wanafunzi wameniuliza maswali mawili: kwa nini mwanga huo ni mwekundu wakati radi ni nyeupe, na kwa nini si kila radi huleta spraiti?
*Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, tuanze na la pili, kwa kuwa hesabu yake inaweza kufanywa ubaoni.

Radi nyingi zinazopiga ardhi hushusha chaji hasi. Chache, chini ya moja kati ya kumi, hushusha chaji chanya, na hizo ndizo mama wa karibu spraiti zote. Radi chanya huweza kuondoa makumi hadi mamia ya kulombi za chaji kutoka sehemu pana ya wingu. Chaji hiyo ikiondoka ghafla, uga wa umeme wa juu ya wingu hubadilika mara moja hadi kimo cha makumi ya kilomita.

Sasa linganisha vitu viwili. Uga unaotokana na badiliko hilo hupungua kwa kipeo cha tatu cha kimo: kimo kikiongezeka maradufu, uga hubaki moja ya nane. Lakini uga unaohitajika kuipasua hewa hufuata msongamano wa hewa, na msongamano hushuka upesi zaidi ya hapo. Usawa wa bahari inahitajika volti milioni 3 hivi kwa kila mita. Kwenye kilomita 75 hewa imepungua mara 30,000 takriban, kwa hiyo volti 100 kwa mita zinatosha. Chora mistari yote miwili kwenye grafu moja na utaona inakatana mahali fulani kati ya kilomita 70 na 80. Hapo ndipo spraiti nyingi huanzia, kisha vijito vya umeme hushuka, na mara nyingi vingine hupanda, kwa kasi inayofikia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Radi ndogo haina chaji ya kutosha kuisukuma mistari hiyo ikakutana. Kinachoamua ni zao la chaji na kimo ilikotoka: kulombi 100 zilizotolewa kilomita 6 juu ni kulombi-kilomita 600, na kwa kiasi cha aina hiyo spraiti inawezekana. Radi ya kawaida haifiki hata robo yake.

Kuhusu rangi: radi ni njia nyembamba ya hewa iliyochemka hadi nyuzi 30,000 hivi za selisiasi, na kitu chenye joto hilo hutoa mwanga wa rangi zote. Spraiti haina joto. Elektroni zinazogonga molekuli za nitrojeni huziamsha, nazo zikitulia hutoa mwanga mwekundu. Chini ya kilomita 50 hivi hewa ni nzito kiasi kwamba molekuli hugongana kabla ya kupata nafasi ya kutoa wekundu huo, ikabaki rangi ya buluu ya nitrojeni ambayo hutoka haraka zaidi. Ndiyo maana kichwa cha spraiti ni chekundu na ncha za mizizi ni za buluu au zambarau. Waambie pia kuna mwanga wa kijani unaobaki kidogo juu ya spraiti kubwa. Ilidhaniwa ni oksijeni tu, lakini vipimo vilivyochapishwa mwaka 2023 kutoka Hispania vilionyesha chuma na nikeli, metali zinazoachwa angani na vumbi la vimondo.

Bwana Mhariri, nina kamera ya DSLR ya kihisi kidogo, lenzi ya 18-55 na nyingine ya milimita 50 yenye f/1.8. Usiku naona radi ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba. Naweza kupiga spraiti? Nipe maelekezo kamili.
*Msomaji, Musoma*

Unaweza, na mahali ulipo ni pazuri. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote za Ziwa Victoria na kukutana katikati, hewa yenye unyevu hupanda, na dhoruba huumuka juu ya maji kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Kutoka Musoma hadi Bukoba ni kilomita 220 hivi, magharibi moja kwa moja. Dhoruba iliyo nusu ya magharibi ya ziwa iko kwenye umbali unaofaa kabisa.

Usiitafute kwenye radi za kwanza za dhoruba changa. Subiri ikomae: wingu limetandaa, mvua kubwa imetangulia na nyuma yake kuna eneo pana la mvua tulivu yenye radi chache ndefu zinazotambaa. Radi chanya hutoka sehemu hiyo. Kama una intaneti, angalia picha za joto za setilaiti ya Meteosat: eneo kubwa la vilele baridi, nyuzi 60 hadi 70 chini ya sifuri, lililokaa kwa saa kadhaa, linafaa kukesha kwa ajili yake. Kawingu kadogo kanakopiga radi kwa fujo hukupa picha nzuri za radi na hakuna zaidi.

Hesabu ya kuelekeza kamera ni hii, mviringo wa dunia ukiwa umeshaondolewa. Dhoruba ikiwa kilomita 100 mbali, spraiti hukaa kati ya nyuzi 24 na 40 juu ya upeo. Kilomita 200: nyuzi 12 hadi 22. Kilomita 300: 7 hadi 15. Kilomita 400: 5 hadi 10. Kilele cha wingu lenyewe, kwa kilomita 200, hakizidi nyuzi 4. Ngumi yako ukinyoosha mkono ni nyuzi 10 hivi. Kwa hiyo unapiga anga inayoonekana tupu, ngumi moja hadi mbili juu ya wingu, na kwa wengi hilo ndilo gumu kuliko mipangilio yote ya kamera.

Tumia lenzi ya 50. Kwenye kihisi kidogo inaona nyuzi 26 kwa upana na 18 kwa kimo. Ukiweka ukingo wa chini kwenye nyuzi 5, ukingo wa juu unafika 23, na spraiti ya kilomita 200 inaingia yote huku nuru ya wingu ikibaki nje. Utakosa pembe za dhoruba pana, lakini lenzi ya 18-55 kwa f/3.5 inapokea karibu robo tu ya mwanga wa f/1.8. Kama unaweza kuazima ya milimita 35 yenye f/1.8, hiyo ni bora kuliko zote mbili.

Mipangilio: hali ya mkono kwa kila kitu. Tundu f/2, kwa sababu f/1.8 huvuruga pembe za picha. ISO 3200, anga ikiwa nyeusi sana panda hadi 6400. Shata sekunde 1 hadi 2. Mizani ya rangi ibaki Kelvini 4000. Faili ghafi. Fokasi ya kiotomatiki izime, uelekeze kamera kwenye nyota angavu, uikuze nyota hiyo kwenye kioo cha nyuma, uzungushe pete hadi nyota iwe nukta ndogo iwezekanavyo, kisha uibane pete kwa gundi ya karatasi. Zima pia kizuia mtikisiko cha lenzi.

Watu wengi hupenda shata ya sekunde 30 kama ile ya kupiga nyota. Haifai hapa. Spraiti inatoa mwanga wake wote ndani ya milisekunde 10 au 20 tu, lakini mwanga wa anga unaendelea kujikusanya, kwa hiyo kwa sekunde 30 mandhari hung'aa mara 15 zaidi ya kwa sekunde 2 na mmweko unazama humo. Kushuka chini ya sekunde 1 nako kuna hasara: kamera hupumzika kidogo kati ya picha na picha. Ikipumzika nusu sekunde, kwa shata ya sekunde 2 unapoteza moja ya tano ya usiku. Kwa shata ya nusu sekunde unapoteza nusu nzima.

Zima kile kipengele cha kupunguza chengachenga kwenye picha ndefu. Kikiwashwa, kamera hupiga picha ya pili gizani shata ikiwa imefungwa kwa muda uleule, na nusu ya spraiti zako zinapita wakati huo. Hili ndilo linalowanyima watu picha kuliko lolote, na kwa kuwa kamera haionyeshi kosa, mtu hulaumu anga.

Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, weka upigaji wa mfululizo, na ufunge kitufe cha rimoti ya waya kisiachie. Sekunde 2 kwa picha ni picha kama 1,800 kwa saa; faili ghafi za megabaiti 25 zitakula gigabaiti 45. Kwa hiyo kadi ya GB 64 haimalizi saa moja na nusu. Uwe na betri mbili za ziada. Kandoni mwa ziwa lenzi hufunga ukungu kabla ya saa nane usiku. Funga soksi yenye vifuko vya joto kuzunguka pete ya mbele, na uikague kila nusu saa kwa tochi hafifu nyekundu. Tochi nyeupe inaita vijidudu vya ziwani, na vikishajaa kwenye kioo kazi imekwisha.

Kwa video, kamera zenye kihisi kikubwa kama Sony A7S huweza kurekodi fremu 25 kwa sekunde na kuonyesha spraiti katika fremu moja au mbili. Wapenzi wa vimondo hutumia kamera ndogo za ulinzi kama Watec pamoja na programu ya UFOCapture, inayohifadhi sekunde chache tu pale mwanga unapobadilika. Hiyo inakuokoa kukagua usiku mzima kwa macho. Ukikagua kwa mkono, tafuta kwanza fremu ambayo wingu limewaka, kisha angalia hiyo na tano zinazofuata, kwani spraiti huweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 100 baada ya radi yake.

Kabla ya kuanza, linganisha saa ya kamera na ya simu hadi sekunde, na uandike ulipo. Mwenzako wa Kisumu akipiga dhoruba ileile usiku huohuo, pembe zenu mbili na nyota zilizo nyuma zinatosha kupata kimo halisi cha spraiti. NASA ina mradi uitwao Spritacular, ulioanzishwa mwaka 2022, unaopokea picha za watu wa kawaida. Picha isiyo na saa wala mahali haiwasaidii sana.

Na simu je?
*Wasomaji kadhaa*

Kwa bahati kubwa, kwa video. Hali ya usiku ya simu nyingi huunganisha picha kadhaa na kufuta kinachoonekana katika moja tu, ikidhani ni kasoro. Spraiti inaonekana katika moja tu.

Mimi sina kamera, nina macho. Kutoka Kigoma nitazame wapi?
*Msomaji, Kigoma*

Kati ya kaskazini na magharibi, juu ya milima ya Congo. Eneo la Kabare, Kivu Kusini, liko kilomita 280 hivi kutoka kwako, na uchambuzi wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliliweka la pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kampene, katika Maniema, ni la pili kwa Afrika. Milima ya ng'ambo hukuziba nyuzi 2 hivi tu.

Kaa gizani dakika 30 bila kuangalia simu. Simama nyuma ya ukuta au kipande cha boksi kiasi kwamba wingu lote limefichwa na anga ya juu yake iko wazi. Usikazie macho mahali pamoja; pembe ya jicho huona hafifu vizuri zaidi. Utakachoona si rangi za kwenye magazeti. Ni kivuli cha mwanga wa kijivu chenye wekundu kidogo, kilichoondoka kabla hujakiita.

Nimewatumia picha niliyopiga Nairobi: alama nyekundu angani usiku wa radi. Ni spraiti?
*Msomaji, Nairobi*

Hapana, samahani. Alama yako iko mbele ya wingu, na nyingine inayofanana nayo iko upande wa pili wa picha, sawasawa kinyume na taa ya barabarani. Huo ni mwakisiko ndani ya lenzi.

Kwa wengine wenye shaka, kagua hivi: spraiti imesimama wima au karibu wima, iko juu ya wingu na kuna nafasi tupu kati yao, nyota huonekana kupitia kwake, ipo katika picha moja tu, na wingu limewaka katika picha hiyo au iliyotangulia. Nukta nyekundu inayorudi mahali palepale katika kila picha ni pikseli mbovu. Mstari uliolala ni kimondo, ndege au setilaiti. Na kama pembe yake juu ya upeo haipatani na umbali wa dhoruba, iache, hata ikiwa nzuri namna gani.

Mlitaja kwa mstari mmoja kwamba kuna aina nyingine. Zipi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jeti za buluu hutoka kwenye kilele cha wingu lenyewe na kupanda kama kilomita 100 kwa sekunde hadi kilomita 40 au 50. Buluu hutawanywa na hewa, kwa hiyo kutoka chini ni ngumu kuziona. Picha nyingi nzuri zimetoka angani, kama zile za mwanaanga Andreas Mogensen wa Denmark juu ya Ghuba ya Bengal mwaka 2015.

Jeti kubwa ndiyo adimu na ndiyo ya ajabu zaidi, maana inaunganisha wingu na ukingo wa chini wa ionosfia, yaani tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme. Moja ilirekodiwa Puerto Rico mwaka 2001 ikifika kilomita 70, na mwaka uliofuata watafiti wa Taiwan wakarekodi tano karibu na Luzon, Ufilipino, zilizofika hadi 90. Dhoruba za bahari ya joto huzipenda, kwa hiyo anayekaa pwani akitazama mashariki usiku asidharau upande huo.

Elvesi ni pete ya mwanga inayopanuka kwenye kilomita 90 hivi hadi kufikia upana wa kilomita 400, pale pigo la mawimbi ya radi kali linapogonga ionosfia. Inakwisha chini ya milisekunde moja. Chombo cha ISUAL kwenye setilaiti ya FORMOSAT-2 ya Taiwan, iliyorushwa mwaka 2004, kilionyesha kuwa hii ndiyo aina iliyo nyingi kuliko zote, na hakuna jicho la mtu linaloweza kuifuata.

Kwetu Bukavu radi zinaua watu na ng'ombe. Hizi za juu nazo zina hatari?
*Msomaji, Bukavu*

Kwako hazina. Zinaishia makumi ya kilomita juu yako, na ndege za abiria hupita kilomita 10 hadi 12, chini kabisa ya spraiti. Hatari inabaki kwa radi ya kawaida, na mpiga picha aliyesimama kilimani kando ya stendi ya chuma ni shabaha yake. Anatazama dhoruba ya kilomita 200 huku nyingine ikija mgongoni. Ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla hujahesabu sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10: acha vifaa, ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti au banda la nyasi si pa kujisitiri.

Kituo cha anga cha Malindi kiliwahi kuhusika na mambo haya?
*Msomaji, Malindi*

Ndiyo, na kwa aina isiyoonekana kabisa. Dhoruba hutoa pia mipigo ya miali ya gama, iliyogunduliwa kwa setilaiti ya Marekani ya Compton na kutangazwa mwaka 1994. Uga wa umeme ndani ya wingu huzikimbiza elektroni karibu na kasi ya mwanga, nazo zikipita karibu na viini vya atomi za hewa hutoa miali hiyo kwa muda usiozidi milisekunde moja au mbili. Setilaiti ya Italia, AGILE, iliyorushwa Aprili 2007, ilizunguka karibu sawasawa na ikweta, mwinamo wa nyuzi 2.5 tu, kwa hiyo kila mzunguko ilipita juu ya Congo na Afrika Mashariki, na data zake zilishushwa kupitia kituo cha Luigi Broglio hapo Malindi. Ilirekodi mipigo mingi ya gama juu ya ukanda huu kabla ya kurudi angahewani na kuungua Februari 2024. Kazi hiyo imefanywa pia na chombo cha ASIM, kilichofungwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, ambacho kiliundwa kutazama gama na mimweko ya mwanga kwa wakati mmoja.